Jedwali la bei lililokuwa na waandishi wawili

Mzee aliyenifanya nibomoe kazi ya miezi miwili alikuwa amekaa kwenye kivuli cha fuso lake, nyuma ya mzani, simu mkononi na magunia 40 ya mahindi bado yakiwa juu ya gari. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, katika ghala moja la kununua nafaka kandokando ya barabara ya Morogoro, wilayani Kongwa, ambako nilikuwa nimefika asubuhi ile kutoka Dodoma mjini ili nione kwa macho yangu jinsi ukurasa wa bei nilioutengeneza unavyotumika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza kwa nini hapimi mzigo wake ilhali foleni imekwisha.

"Nasubiri bei ya leo, mwanangu," alisema. "Hii mliyoiweka ni ya jana."

Nilitazama simu yake. Mstari wa mahindi ulikuwa sahihi: shilingi 720 kwa kilo, na kwenye safu ya mwisho, chini ya neno "Imebadilishwa", palikuwa na tarakimu 11:40. Karani alikuwa ameingiza bei hiyo dakika hamsini tu kabla. Lakini Mzee alizisoma tarakimu zile kama anavyozisoma mtu yeyote aliyelelewa katika Kiswahili, yaani saa kumi na moja na dakika arobaini, na kwa kuwa jua lilikuwa bado utosini, saa kumi na moja hiyo haikuweza kuwa nyingine isipokuwa ya jana jioni. Hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mimi. Wakati tukiendelea kuelezana, karani alifuta 720 akaandika 690, na kwa kilo 4,000 zilizokuwa juu ya gari, kukaa kivulini kukawa kumemgharimu Mzee shilingi 120,000. Msimamizi wa ghala alikubali, baada ya mabishano, kumlipa kwa bei ya asubuhi, na tofauti ile ikakatwa kwenye malipo yangu, jambo ambalo sikulipinga.

Nimeona ni vyema nieleze kwa kirefu kilichotokea ndani ya ukurasa ule, kwa sababu hitilafu yenyewe haikuwa ya saa, na kama ningeirekebisha saa peke yake, ingezuka nyingine mahali pengine palepale kwenye jedwali.

Simu inapofungua ukurasa kwa mara ya kwanza, seva ndiyo iliyokuwa ikiandika jedwali lote: inasoma hifadhidata, inapitisha kila zao kwenye kiolezo cha mstari, yaani mfano wa mstari wenye nafasi za kujazwa, na kutuma HTML iliyokamilika, yaani maandishi ya ukurasa pamoja na lebo zake, ambayo kivinjari hakina kazi nayo isipokuwa kuionyesha. Katika kiolezo hicho nilikuwa nimeandika saa kwa uangalifu mkubwa. Seva yangu hutunza wakati kwa saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na saa ya Kiswahili nayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa sita, kwa hiyo ukitoa tatu kwenye saa ya seva unapata moja kwa moja saa anayoitamka mtu wa Kongwa. Saa 08:40 ya seva inakuwa "saa 5:40 asubuhi". Nilijivunia hesabu hiyo ndogo.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Ili bei ijisahihishe bila mtu kufungua ukurasa upya, niliweka skripti ya JavaScript, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ambayo kila baada ya sekunde 20 iliiomba seva takwimu za bei katika muundo wa JSON, yaani takwimu tupu zisizo na umbo la mstari, kisha skripti yenyewe ikajenga mstari mpya ndani ya simu. Hapo ndipo mwandishi wa pili alipoingia. Skripti ile niliiandika usiku mmoja kwa haraka, na kwenye kisanduku cha wakati niliiachia simu iandike saa kwa desturi yake, nayo ikaandika 11:40. Mtu aliyefungua ukurasa upya aliona "saa 5:40 asubuhi", na aliyeuacha wazi tangu saa nne, kama Mzee, aliona 11:40. Mimi kila nilipojaribu kazi yangu nilifungua ukurasa upya, kwa hiyo nilimwona mwandishi wa kwanza tu.

Jioni ile, nikiwa ndani ya basi la kurudi Dodoma, nilifungua kompyuta nikaweka viwili hivyo kando kwa kando: kiolezo cha seva na skripti. Alizeti upande wa seva iliandikwa 1,050 na upande wa skripti 1050, bila mkato. Zao lisilo na bei siku hiyo seva ililiandikia "hakuna bei", na skripti ikaliandikia neno null, ambalo mkulima mmoja wa uwele, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, alidhani ni jina la mnunuzi. Mshale wa kijani wa kupanda bei ulikuwa mbaya zaidi, maana seva iliilinganisha bei na ya kufungia soko jana, ilhali skripti iliilinganisha na bei iliyokuwa kwenye kioo dakika chache zilizopita, na hivyo zao moja liliweza kuonekana linapanda kwa mtu mmoja na kushuka kwa jirani yake. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa kosa gumu. Yote yalikuwa yaleyale: maamuzi yanayohusu sura ya mstari yalifanywa mahali pawili, na fahali wawili hawakai zizi moja.

Mazoea haya ya kuwa na waandishi wawili yana historia yake. Kurasa za mwanzo ziliandikwa na seva peke yake, na kubadilisha tarakimu moja kulimaanisha kuupakua ukurasa wote upya. Mwaka 1999 Microsoft iliweka ndani ya Internet Explorer 5 uwezo wa skripti kuomba kitu kutoka kwenye seva kimyakimya bila kuhama ukurasa. Mwaka 2005 Jesse James Garrett akaipa mbinu hiyo jina la Ajax, na kufikia mwaka 2013, React, maktaba ya msimbo wa kujengea kurasa ndani ya kivinjari, ilipotolewa kwa umma, wengi walikwishazoea kuiona seva kama bomba la takwimu na kivinjari kama mahali pa kuundia ukurasa. Sikatai kwamba kuna kazi zinazohitaji hivyo, kwa mfano ramani inayoburutwa kwa kidole au karatasi ya hesabu yenye maelfu ya visanduku vinavyotegemeana. Jedwali la bei za mazao 14 si mojawapo. Herufi X katika jina la Ajax ilisimamia XML, muundo mwingine wa kubebea takwimu, lakini ombi lile la kimyakimya halijali limerudishiwa nini. HTML iliyokwisha kuandikwa hupita humo bila shida yoyote, ingawa sisi tuliojifunza kazi hii baadaye hatukuwa tukifundishwa hivyo.

Pale ghalani, ukutani karibu na mzani, kuna ubao mweusi ambao karani huuandikia bei kwa chaki, na nilikuwa nimeutazama mara nyingi bila kuuona. Bei ya mtama ikibadilika, karani hachukui kitambaa kibichi kufuta ubao mzima, wala hawapi wakulima tarakimu waende kuandika wenyewe. Hufuta mstari wa mtama tu, kwa mkono uleule na mwandiko uleule ulioandika mistari mingine asubuhi, kisha husogea pembeni watu wasome. Nilichofanya katika wiki mbili zilizofuata ni kuifanya seva ifanye hivyo.

Niliondoa JSON. Kiolezo cha mstari kikabaki kimoja, katika faili lake mwenyewe, na ukurasa mzima ukawa unakiita kwa kila zao. Kisha nikaongeza anwani nyingine kwenye seva ambayo hairudishi ukurasa, bali mistari tu, kwa kukiita kiolezo kilekile. Kila mstari una kitambulisho chake kinachotokana na namba ya zao kwenye hifadhidata, mfano `<tr id="zao-7">`, ambapo tr ni lebo ya HTML ya mstari wa jedwali, na kazi ya kivinjari ikabaki kutafuta kitambulisho hicho na kubadilisha kilichopo kwa kilicholetwa. Kuanzia hapo hapakuwa tena na njia ya 11:40 kuingia, kwa sababu ndani ya simu hapakuwa na msimbo wowote unaojua kuandika saa. Faida nyingine, ambayo sikuitarajia, ni kwamba saa ya simu yenyewe haikuwa na umuhimu tena. Simu nyingi za pale zina saa zilizopotea kwa dakika kadhaa, na nilikutana na moja iliyokuwa bado inaishi mwaka 2019.

Nilianza kwa skripti yangu mwenyewe yenye mistari kama arobaini, na hapo jedwali lilinifundisha adabu. Skripti ilichukua maandishi ya mstari yaliyotoka kwenye seva, ikayaweka ndani ya div tupu, yaani fungu la kawaida la HTML, ili kivinjari kiyageuze kuwa elementi, yaani vipande vya ukurasa, kisha ikatafuta tr ndani yake. Haikuipata. Nilipochungulia ndani ya div, nilikuta maneno "Mahindi 720 saa 5:40 asubuhi" yamekaa pamoja kama sentensi, bila mstari wala kisanduku. Nilidhani seva imeharibika, nikapoteza nusu siku kuikagua. Ukweli ni kwamba kanuni za HTML zinazoeleza jinsi kivinjari kinavyosoma lebo hazikubali tr nje ya jedwali: kivinjari kikiikuta ndani ya div, huitupa lebo, huitupa pia ile ya td, yaani ya kisanduku, na kuyaacha maandishi peke yake, tena bila kutoa onyo lolote. Dawa yake ni elementi iitwayo template, ambayo iliwekwa katika HTML mahsusi ili kubeba vipande visivyo na mahali pake bado. Ukiweka tr ndani ya template, inabaki tr. Nilibadilisha maneno machache kwenye skripti na kila kitu kikasimama.

Ukali huohuo wa kanuni ulinikamata tena kwenye jedwali la karani, ambako nilitaka kila mstari uwe na fomu yake ndogo ya kubadilishia bei. Fomu haiwezi kuuzunguka mstari ndani ya jedwali. Kivinjari huifungua na kuifunga papo hapo ikiwa tupu, na visanduku vya kuandikia vikabaki nje yake. Nilipoweka div kati ya tbody, yaani mwili wa jedwali, na tr kwa lengo la kuipa rangi, kivinjari kiliitoa nje na kuipeleka juu ya jedwali zima, kama mgeni aliyeingia chumba kisicho chake akaonyeshwa mlango. Jedwali ni elementi ya zamani kuliko nyingi zinazotumika leo, na lina masharti ya mzee wa zamani.

Baadaye niliiacha skripti yangu nikahamia htmx, maktaba ndogo ya msimbo ya Carson Gross ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2020 na ambayo kazi yake yote ni hii: kuomba HTML na kuiweka mahali ilipoelekezwa. Nyaraka zake zina sehemu nzima inayozungumzia usumbufu wa majedwali na hiyo template, na nilipoisoma nilijisikia vibaya kidogo kwa ile nusu siku iliyopotea.

Sasa nije kwenye suala la bando, ambalo kwa watumiaji wangu ndilo suala lenyewe. Mkulima aliyeko njiani kutoka Mpwapwa au Gairo hafungui ukurasa wa bei kwa mtandao wa bure. Skripti ya kwanza iliulizauliza kila sekunde 20, sawa na mara 180 kwa saa, na jibu la JSON pamoja na mapambo yake lilikuwa kilobaiti 12 kwa sababu nilikuwa nimetuma kila kitu kilichomo kwenye hifadhidata, hadi maelezo ya ubora wa mazao ambayo hayakuonyeshwa popote. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 2 kwa saa kwa simu moja iliyolala mfukoni. Mistari 14 ya HTML, baada ya kubanwa, haikufika kilobaiti 1, maana mistari ya jedwali hufanana mno na ubanaji wa gzip hupenda sana vitu vinavyojirudia. Kwa muda mrefu nilikuwa nimesadiki kwamba JSON siku zote ni nyepesi kuliko HTML, na sikuwahi kupima.

Hata hivyo, jibu jepesi kuliko yote ni lile lisilo na kitu. Kwa asili HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huongea, ina utaratibu wa alama ya ETag: seva hutoa alama ya toleo, kivinjari huirudisha katika ombi linalofuata, na kama hakuna kilichobadilika seva hujibu 304 bila mwili. Niliutumia, data ikapungua, lakini nikaona jambo la ajabu: mtu aliyekuwa ameteua maandishi kwenye jedwali ili ayanakili aliyapoteza kila baada ya sekunde 20, hata bei zikiwa zimetulia. Sababu ni kwamba 304 huishia kwa kivinjari. Kivinjari huchukua nakala yake ya zamani kutoka kwenye kashe na kuikabidhi skripti kana kwamba imetoka kwenye seva sasa hivi, nayo skripti, kwa uaminifu wake, hubadilisha mistari yote kwa mistari ileile. Kwa hiyo niliiacha njia hiyo. Sasa ukurasa hubeba alama ya mwili wa jedwali ulionao, huituma ndani ya anwani ya ombi, na seva ikiiona inalingana na yake hujibu 204, yaani "sina la kukupa", na htmx ikipata 204 haigusi kitu. Ukurasa ukiwa umefichwa nyuma ya programu nyingine hauulizi kabisa. Na soko likifungwa saa kumi na mbili jioni, seva hujibu kwa namba 286, ambayo haimo katika viwango vya HTTP ila htmx imejiwekea yenyewe kuwa na maana ya "acha kuuliza". Simu 120 zinazouliza kila sekunde 20 ni maombi 6 kwa sekunde, mzigo ambao seva yangu ndogo ya kukodi huubeba ikisinzia.

Wasomaji makini watauliza kwa nini natuma mistari yote 14 wakati umebadilika mmoja. Nilijaribu ujanja wa kutuma uliobadilika tu, kwa kuipa kila badiliko namba inayopanda na kuiacha simu iseme "nipe yaliyo juu ya namba 101". Ukafanya kazi kwa wiki moja. Kisha makarani wawili wakahifadhi bei karibu kwa wakati mmoja: wa kwanza akapewa namba 102 lakini uhifadhi wake ukachelewa kukamilika, wa pili akapewa 103 na kukamilika kabla yake, simu zikauliza katikati hapo, zikapata 103, zikaandika kwamba zimefika 103, na badiliko namba 102 lilipokuja kutua kwenye hifadhidata hakuna simu iliyoliuliza tena. Bei ya karanga ilibaki ya zamani kwenye simu zote hadi jioni. Isitoshe, mstari uliofutwa hauna namna ya kujieleza kwamba umefutwa, kwa hiyo utalazimika kutunza orodha ya marehemu. Kuna njia za kuyashughulikia yote mawili, lakini kwa mistari 14 isiyofika kilobaiti 1 niliona ni kuchimba kisima pembeni ya bomba. Natuma mwili wote wa jedwali, aliyefutwa hayumo, aliyeongezwa yumo, na mpangilio ni ule seva inaotaka.

Jedwali la pili la ghala, la foleni ya magari, ndilo lililokataa dawa hiyo. Wakati wa mavuno hufika mistari 200, linatazamwa kwenye kompyuta tatu za ofisini, na karani wa mzani anataka kuona gari limeingia ndani ya sekunde moja. Hapo nilitumia njia iitwayo Server-Sent Events, ambayo kivinjari hufungua muunganisho mmoja na kuuacha wazi, na seva husukuma mstari kila unapobadilika, ukiwa umekwisha kuandikwa kwa kiolezo. Ni njia ya zamani kidogo na watu wengi huiruka wakaenda WebSocket, njia ya mawasiliano ya pande mbili, ingawa kwa jedwali linalosomwa tu, mawasiliano ya upande mmoja yanatosha, na muunganisho ukikatika kivinjari huurudisha chenyewe na kuiambia seva kitambulisho cha tukio la mwisho kilichopokea. Kwa mtandao wetu wa kukatikakatika hilo si jambo dogo.

Siku ya kwanza mistari haikufika. Ilikaa kimya dakika mbili, kisha magari saba yakatokea kwa mkupuo. Kwenye kompyuta yangu nyumbani haikuwa hivyo, na tofauti pekee ilikuwa nginx, iliyosimama mbele ya programu kama proksi, yaani mpokezi wa kati, na ambayo kwa kawaida yake hukusanya majibu kwanza kabla ya kuyapitisha. Kichwa kimoja cha jibu, X-Accel-Buffering chenye thamani ya no, kiliimaliza tabia hiyo. Wiki iliyofuata karani mmoja alilalamika kwamba kompyuta yake "inagoma". Nilikuta amefungua kila gari kwenye kichupo chake, saba kwa jumla, na katika HTTP/1.1 kivinjari hakifungui zaidi ya miunganisho sita kwa wakati mmoja kwenda kwenye seva moja. Vichupo sita vilikuwa vimeishika yote sita, na cha saba kikawa kinasubiri zamu isiyofika. Kuhamia HTTP/2 kulimaliza tatizo, kwa kuwa humo mazungumzo mengi hupita ndani ya muunganisho mmoja.

Lililobaki lilikuwa la vidole. Karani akiwa katikati ya kuandika uzito kwenye mstari, mstari mpya ulifika kutoka kwenye seva na kufuta alichoandika, kielekezi kikapotea, naye akaendelea kubonyeza tarakimu bila kutazama, zikaenda hewani. "Kaka, hii mashine yako inaninyang'anya kalamu," aliniambia, na sikuwa na la kujitetea. Kuna maktaba zinazolinganisha mstari wa zamani na mpya na kugusa kisanduku kilichobadilika tu, na nilizijaribu. Mwishowe nilichagua lililo rahisi kuliko yote: nilitoa uandishi nje ya jedwali. Karani akibonyeza gari, fomu hufunguka chini ya jedwali, ikiwa haina uhusiano wowote na mistari inayobadilika juu yake, na akihifadhi, seva hurudisha mstari ule pamoja na fomu tupu katika jibu moja. Ile shida ya fomu isiyokubali kuuzunguka mstari nayo ikaondoka, bila mimi kuifanyia lolote.

Kwa kuwa seva sasa inatuma HTML inayowekwa moja kwa moja ndani ya ukurasa, nilihakikisha kwamba jina la dereva au namba ya gari haiwezi kuingiza lebo zake yenyewe. Injini ya violezo hugeuza alama hizo kuwa maandishi ya kawaida, na sikuizima mahali popote. Pia niliweka tangazo ambalo programu za kuwasomea wasioona hulisoma kwa sauti bei inapobadilika, nje ya jedwali, sentensi moja tu, kwa sababu kulitangaza jedwali lenyewe kungewafanya wasikilize mazao 14 kila mara.

Mwezi uliopita msimamizi wa ghala aliniomba karatasi ya bei ya kubandika getini jioni, kwa ajili ya wasio na simu. Nilifungua faili jipya, nikaandika kichwa cha habari na tarehe, nikakiita kiolezo cha mstari mara 14, nikaondoa rangi za mishale. Kazi ilichukua dakika kumi, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kwenye kutafuta waya wa printa. Karatasi ya kwanza ilipotoka, mahindi yalikuwa shilingi 705, na kwenye safu ya mwisho iliandikwa "leo, saa 11:40 jioni".